Alichofanya Mama Yako Strasbourg

Mtaa wa Kanisani 9,
Emmendingen.
17 Septemba 2019

Mpendwa binamu yangu Volkmar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za huko Perth? Mgongo wa Maren umepata nafuu? Na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mama yako naye ni mzima, na nakuandikia hilo mapema kabisa, kwa sababu ukisoma yanayofuata moyo utakuruka. Wangu bado haujatulia, na leo ni siku ya tatu.

Jumamosi tulikwenda Strasbourg, matembezi ya siku moja ya kwaya yetu. Nilikaa na mama yako, na nyuma yetu Bwana Ottmar, yule jirani aliyekuwa akitusambazia barua kabla hajastaafu. Njia nzima mama yako alilalamika nyonga. Kushuka basi tu tulimshika watu wawili.

"Bi Roswitha, safari ijayo tukubebee kwenye machela?" Bwana Ottmar akamtania.

"Wewe beba hilo tumbo lako kwanza," akamjibu. "Mimi nitajibeba."

Tuliingia kanisa kuu, tukala mikate myembamba ya malai na vitunguu, kisha mnamo saa nane tukateremka mtoni kupumzika. Unamjua mama yako na maji. Hata hapa kwetu daraja hulivuka akitazama mbele tu, kama farasi aliyefungwa macho. Alichagua benchi la mbali, akaupa mto mgongo.

Kwenye ngazi zinazoshuka majini palikuwa na mama mmoja Mfaransa, ameinama juu ya kigari kumtuliza mtoto mchanga. Binti yake wa miaka minne hivi alikuwa akiwatupia bata makombo. Nikainama nifunge kamba ya kiatu. Nikasikia chubwi. Nilipoinua uso, yule binti hakuwapo.

Volkmar, tuliganda. Watu zaidi ya thelathini, wanaume wenye nguvu zao, tumesimama tunatazama maji. Ghafla mkoba ukatua mikononi mwangu, kisha koti, na mtu akanipita mbio pekupeku. Alikuwa mama yako! Yuleyule wa nyonga! Wala hakuanguka majini kama mtu aliyechanganyikiwa. Alinyoosha mikono, akaingia kichwa mbele, na maji hayakuruka hata kidogo.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Bwana Ottmar alinikamata mkono nisije nikamfuata, maana mimi hata kwenye beseni nazama. Mama yako akaibuka mbali, mkondo ukimvuta, akavuta pumzi, akazama tena. Hapo nilijua nimempoteza. Nilishaanza kufikiri nitakwambia nini.

Akaibuka na mtoto. Alimshika kola kwa mkono mmoja, akaogelea kwa mwingine hadi kwenye ngazi, na watu wakawavuta. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu. Mama yako akamlaza, akampulizia hewa, akampulizia tena, mpaka mtoto akatapika maji na kulia. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile. Yule mama Mfaransa aliwakumbatia wote wawili hukohuko kwenye mawe.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walimchukua mtoto, wakampima mama yako, wakampa nguo kavu na blanketi. Tukarudi. Kwaya nzima basini, na hakuna aliyeimba.

"Shangazi," nikamwuliza, "kuogelea umejifunza lini?"

Tulikuwa tukivuka mto Rhine, naye akayatazama maji. "Nilikuwa bingwa wa wasichana wilaya nzima, mwanangu. Mwaka wa sitini na sita."

"Mbona hatukuwahi kusikia?"

"Kwa sababu mwaka huohuo Gisela alizama."

Tumeambiwa tangu utotoni kwamba Gisela, mdogo wao, alikufa kwa homa ya mapafu. Si kweli. Alikufa Rhine, akiwa na miaka kumi na moja. Mama yako, aliyekuwa na kumi na minane, ndiye aliyeachiwa amwangalie. Alimfikia mara mbili, mara mbili mkono ukamponyoka. Babu akaamua isemwe homa, ili watu wasimnyooshee binti yake kidole. Baba yangu alijua, akafa nalo. Miaka hamsini na mitatu, Volkmar!

"Yule nilimshika mkono, ukateleza," akaniambia. "Leo nimeshika kola."

Nikageuka nyuma. Bwana Ottmar, ambaye hakosi la kusema, alikuwa amevua kofia, anatazama sakafu.

Daktari amempima jana, kifua hakina tatizo. Mtoto naye ametoka hospitali. Mama yake amempigia mama yako simu, wakalia pamoja bila kuelewana nusu ya maneno. Mama yako amenikataza nisikupigie simu, anasema utapanda ndege kesho yake. Barua, lakini, amenituma mwenyewe.

Kuna jambo moja aliniomba nisiliache. Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, ukatoroka na wenzako kwenda bwawani, akakuchapa mpaka baba yako akaingilia kati? Anasema anataka kukuomba msamaha, na hajui aanzie wapi. Ukipiga simu Jumapili, usimwulize kitu. Mwache aanze mwenyewe, hata akichelewa.

Nisalimie sana Maren, Jannik na Frauke mdogo. Bwana Ottmar anakusalimu. Mungu awalinde nyote huko mliko, na atukutanishe tukiwa na afya.

Nikupendaye daima, dada yako,
Sibylle