Mfuko Mwekundu Nyuma ya Mlango wa Bafu

Jumatatu, 3 Machi

Makala imetoka. Ukurasa mzima! Yule tapeli mwenye zahanati ya "kusafisha tumbo" nimemvua nguo hadharani. Anawaambia wagonjwa wa kisukari waache dawa, waje kwake wapigwe enema ya kahawa, yaani waingizwe kahawa kwa mrija njia ya haja kubwa. Mwongo mkubwa! Mhariri kapiga simu anacheka: dada, huyu umemchinja.

Sikumwambia kwamba asubuhi, mume alipokwenda kazini, nilikuwa bafuni na mfuko wangu wa enema.

Jumanne, 4 Machi

Mfuko mpya wa plastiki haunifai. Unanuka duka, mrija unajikunja, kibano hakishiki. Kopo la chuma nililijaribu zamani — baridi, linagonga ukuta, unajiona uko wodini. Pampu ya mkono ndiyo sitaki hata kuisikia: ina haraka kama karani saa ya kufunga. Mimi na mfuko wangu mwekundu wa mpira, lita mbili, ncha nyembamba, umetundikwa chini kidogo ya kitasa. Maji vuguvugu, polepole. Halafu ule uzito, lile joto. Kichwa hiki kinachogombana na dunia nzima kinanyamaza.

Si dawa. Sijawahi kusema ni dawa. Ninapenda, basi!

Mbona kwa mume nimeita ugonjwa? Miaka kumi na moja iliyopita aliukuta unaning'inia, akauliza. Nikasema choo kigumu. Tangu siku hiyo ananimenyea papai kila asubuhi. Papai silipendi.

Alhamisi, 6 Machi

Tapeli amejibu, gazeti lile lile. Eti mwandishi wenu hununua mfuko mwekundu wa enema wa lita mbili dukani kwa binamu yangu, halafu anatutukana. Atuambie anaumwa nini!

Kumbe binamu! Yule muuza vifaa vya hospitali anayeniita mama kwa sauti ya taratibu na kunifungia mzigo kwenye karatasi mbili!

Nilipoingia ofisini wote wakainamia meza zao. Msanifu kurasa akashindwa kujizuia: shikamoo, mama maji. Marahaba, mwanangu, nikamwambia, na kurasa zako zimepinda tangu mwezi uliopita. Wakacheka.

Hoja yangu haijatikisika. Kupenda kitu ni jambo moja, kuwadanganya wagonjwa ni jambo jingine. Jibu lenyewe ni sentensi mbili. Nimeliandika mara tisa. Lakini siwezi kulichapisha kabla mume hajalisikia kinywani mwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusema. Alikuwa na mafua. Mafua! Mtu mwingine angeniletea kisingizio hicho ningemtafuna mzima mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nilikuwa nimeazimia. Nimekaa mezani, nimekohoa. Kabla sijafungua mdomo akaniwekea karatasi mbele.

Mume wangu, fundi saa, asiyeandika hata kadi ya pole — kaandika barua kwa mhariri. Ukurasa na nusu, kwa mkono. Kwamba mke wake ni mgonjwa tangu miaka kumi na moja iliyopita. Kwamba mfuko ule anauchukia, anautumia kwa machozi. Kwamba yeye ni shahidi, humsikia akiguna bafuni, na roho humuuma. Kwamba anayemcheka mgonjwa hana utu. Chini yake jina lake kamili, namba ya simu, sahihi.

"Nimekaa nayo siku mbili," kasema. "Kila siku wewe unawapigania watu. Leo acha mimi nikupiganie, mke wangu."

"Mume wangu, ngoja kwanza —"

"Najua, najua. Lugha yangu ya kifundi. Ndiyo maana nimekuletea, uninyooshee. Mhariri nimeshampigia, anaisubiri kabla ya saa nane."

Nimeshambulia mawaziri. Nimeshambulia maaskofu na mashehe kwenye makala moja! Uongo wa watu nauona kutoka mbali, naurarua. Huu ni wangu, na sasa una sahihi ya mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua.

Saa saba na nusu. Naandika haya barua ikiwa chini ya kiwiko. Yuko sebuleni anatafuta bahasha, anapiga mluzi. Nimesahihisha koma mbili. Nimefika kwenye neno "machozi", kalamu haiendi.

Anauliza: vipi, kuna kosa?