Fedha Iliyozidi Kwenye Nyota

Karakana ya Sonara,
Mtaa wa Soko,
S.L.P. 308.
14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani huko, na miguu yako bado inavimba ukimaliza zamu ya wodini? Sisi tu wazima. Macho yangu tu ndiyo yameanza mgomo, sasa naunga vikuku kwa miwani juu ya miwani.

Nakujua, umeshachungulia mwisho wa barua. Rudi juu, usome kwa utaratibu.

Alhamisi Bi Maswali, mwanao, alisimama mbele ya watahini kutetea utafiti wake wa uzamivu. Miaka minne amepima mwanga wa nyota kongwe ajue ndani mna madini gani. Zile zenye madini mazito kabisa kwa wingi, alizikuta pia na fedha kupita kiasi, hii hii ninayotengenezea pete. Msimamizi wake akasema hiyo ni hitilafu ya vipimo, aifute safu ya fedha kwenye jedwali lake, la sivyo ataanguka.

Nami, Dada, nilimshauri afute. Nilimwambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Akanitazama.

"Mjomba, jioni ukipima na mzani ukazidi, huwa unafuta?"

Unaijua desturi ya karakana hii tangu enzi za Baba: mzani ukipungua tunafagia sakafu, ukizidi hatufungi duka mpaka tujue ni nini kimemegukia kwenye sahani.

Basi akatafuta kilichomeguka. Anavyonieleza, nyota mbili zilizokufa zikigongana, atomi hushindiliwa chembe mpaka zinanenepa na kushindwa kujibeba. Hapo hupasuka vipande viwili, na baadhi ya vipande hivyo ndiyo hiyo fedha. Kumbe si kila kizito kimetokana na kuongezewa, vingine ni mabaki ya vizito zaidi. Nilimfanya arudie mara tatu.

Siku yenyewe nilikaa nyuma na aproni yangu ya kazi, nilisahau kuivua. Mtahini mmoja alimbana saa nzima juu ya safu ile ile. Mwanao hakupandisha sauti, wala hakurudi nyuma. Walipotutoa nje wajadiliane, mimi nilihesabu vigae vya sakafu, yeye akala ndizi.

Tulipoitwa, msimamizi mwenyewe ndiye aliyesimama. Alisema safu aliyotaka ifutwe ndiyo utafiti wenyewe. Mwanao ni Daktari sasa. Nililia mbele ya maprofesa na sikuona haya.

Mama anakuombea kila siku, na mke wangu anakusalimu sana. Msalimie Shemeji na wapwa zangu wadogo. Mungu akulinde katika kazi yako na akurudishe salama.

Jambo moja bado. Miaka yote nimelalamika kwamba ubishi wa mtoto huyu ni kasoro aliyoirithi kwako. Nilikosea, Dada. Angerithi upole wangu, angefuta.

Mdogo wako akupendaye mno,
Sonara