Kupe wa Ng'ombe Wangu

Shemeji yangu,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Hujambo? Na magoti, bado yanakusumbua wakati wa baridi? Mimi nimebaki mifupa na maneno. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, nami nimemwelewa.

Unamkumbuka ng'ombe mwekundu niliyemleta kutoka mnadani? Niliwaambia nimempitisha kwenye josho la dawa ya kupe. Sikumpitisha. Foleni ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimevaa suti. Alifika na kupe wamemjaa masikioni na chini ya mkia, wanene kama maharage. Ndugu yangu, mumeo, akachuchumaa akaanza kuwang'oa na kuwapasua kwa kucha, damu yao ikimwingia kwenye kidonda cha kidole. Mimi niliyefundisha somo la afya maisha yangu yote nilikuwa na glavu kabatini. Sikuzitoa. Nilipomwonya safari iliyotangulia aliniita Bwana Sabuni mbele za watu, akasema kupe wanaogopwa na wasomi tu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikajiambia, haya, mwache na ujuaji wake.

Homa ilipompanda, kisha damu ikamtoka puani na kwenye fizi, watu wa ukoo walisema wewe uliyempikia ndiwe uliyemtilia sumu. Alipofariki, daktari aliniita kando akanieleza kuwa ni virusi vya kupe, na kwamba hata ng'ombe anayeonekana mzima huwa navyo. Kwenye kikao cha ukoo waliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi, hospitali wamesemaje. Nikajibu kwamba hawakujua. Ng'ombe alikuwa wangu, na uongo wa josho wangu. Wakakufukuza, ukatoka kwa mlango wa uani na kifurushi chako, na mwanao akakataa kukuaga.

Hukumwua mumeo, shemeji. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale pale kikaoni.

Siwezi tena kushika kalamu. Sijui kama umeutambua mwandiko huu. Nilimwita mwanao aniandikie, bila kumwambia ni barua gani. Tulipofika kwenye habari ya kikao aliweka kalamu chini akatoka. Nilisikia bomba la uani likimwaga maji kwa muda mrefu. Amerudi. Hanitazami. Amesema tu niendelee, na hakuniita baba mkubwa.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuuombea. Nisalimie wote unaoishi nao.

Ni mimi shemeji yako,
Bwana Sabuni

Mama, barua hii siipeleki posta. Naileta mwenyewe.
Mwanao