Paka wa Shangazi Apata Rangi

Nachingwea

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Jua la huku ni kali, na kila ua unanukia korosho za kuchoma. Wifi yako, Shangazi Hawa, ni mzima, ila tangu amzike mumewe alikuwa hacheki wala hatoki.

Jana alasiri mwalimu jirani alituita tuone televisheni yake mpya ya rangi. Akaweka kanda ya katuni za zamani za paka mmoja mtundu. Picha zikaanza nyeusi na nyeupe. Shangazi akanishika mkono. “Huyu namjua! Gari la sinema lilimleta kijijini Nanganga tukiwa wachumba na marehemu. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.”

Ikafuata katuni nyingine, na paka yuleyule akatokea na koti jekundu na macho ya kijani.

“Kumbe koti lake jekundu miaka yote hii!” Shangazi akashangaa.

Mwalimu akaeleza kuwa zamani filamu hazikuwa na rangi. Ufundi huo ulipopatikana, ndipo wachoraji wakamvika nyekundu.

“Mwenzangu hakuwahi kuiona rangi hiyo,” Shangazi akasema polepole. Nikadhani atalia. Mara paka akatumbukia kwenye pipa la rangi, akaibuka wa bluu mpaka masharubu. Shangazi akacheka hadi khanga ikamdondoka begani. Akamwomba mwalimu airudishe kanda nyuma.

Leo amepika kisamvu cha nazi, tumekula sahani moja. Anakusalimu sana. Nami nimekukumbuka, Mama, Mungu akutunze.

Mwanao,
Zuhura