Sauti ya Mama Baada ya Kimya cha Dakika Tisa

Mtaa wa Ng'ambo ya Mto,
Naryn.
14 Oktoba, 2009

Mpendwa mdogo wangu Ularbek,

Hamjambo huko Yekaterinburg? Nazik na watoto wazima? Baridi imeshawaanza? Sisi tupo, mgongo tu unanisumbua, na moyo umetulia leo hii.

Uliponiambia kwenye simu, "Dada, kumzika mama nilikosa, nikikosa na sauti yake siku ya hitima, usinipigie tena," uliniumiza. Nilikasirika pia, nisikufiche. Wewe wajua sauti hiyo iko mahali pamoja tu, kwenye ile sidii ya baba ya nyimbo za harusi. Baba alikataa maombolezo yaandikwe orodha moja na nyimbo za harusi, eti ni kuita mkosi. Ndiyo maana yale ya mama ya kumlilia kaka yetu Tynar alipofariki, wewe ungali mtoto mchanga, aliyatoa kwenye kanda ya zamani, akayaficha baada ya wimbo wa kumi na mbili na kimya cha dakika tisa.

Sidii imebaki moja, nayo ina ufa ukingoni. Na ukingoni ndiko uliko wimbo wa mwisho.

Jumatatu shemeji yako Jyrgal akainakili kwenye kompyuta, akaniita kwa majivuno. Wimbo wa kumi na mbili, dakika tatu, basi! Programu yake hutupa kimya. Ilipokikuta ikadhani wimbo umekwisha.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Mama gani tena? Wimbo si umeisha? Unataka nikunakilie hewa?"

Loo, nilimfokea mpaka jirani akachungulia. Maskini, hakuna aliyewahi kumwambia. Nilipomweleza akaigeuzageuza sidii, uso umembadilika. "Ikizunguka mara moja zaidi inaweza kupasuka," akasema.

Tungefanyaje? Akaiamuru programu isitupe kitu, ichukue wimbo wa mwisho peke yake, mzima mzima. Nikashika meza. Karibu na mwisho sidii ikaanza kulia tak, tak, tak.

"Itoe!" nikasema.

"Nyamaza, mke wangu. Nikiitoa sasa ndiyo basi tena."

Mara ikalia pa! Ikapasuka humo humo ndani. Nikakaa sakafuni, Ularbek, na unga wa maandazi mikononi. Jyrgal akafungua faili. Dakika kumi na sita. Imeingia yote.

Kilichobaki ni kumtenga mama na harusi. Kwenye kioo cha kompyuta, kimya ni mstari tu, na sauti ya mama ni kilima kidogo. Jyrgal akataka kukata kilima kinapoanzia. Nikamshika mkono, maana mama kabla ya kuimba huvuta pumzi. Tukarudi nyuma kidogo, na pumzi ikabaki.

Flashi yenye sauti yake anakuletea Kubanych, dereva wa basi, kabla ya hitima ya Jumamosi. Msalimie sana Nazik, wabusu watoto, na shangazi Gulsun ukienda kwake. Mungu awaweke, awafungulie njia ya kurudi nyumbani.

Maombolezo yakiisha usizime. Jyrgal alitaka kukata pale pia, nikamkatalia. Baba anasikika analia, halafu mama anamwambia, "Basi, mume wangu, zima mashine. Ularbek ataamka."

Dada yako akupendaye hata akikasirika,
Sonunbu