Ile Dawa ya Kijani Ukutani Kwako

Shosho wangu,

Ni mimi, mjukuu wako Njuguna. Nimekaa jikoni kwako hapa Bahati, kwenye kile kigoda ulichokuwa ukinikataza kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu. Nimewasha moto mwenyewe na moshi umejaa kote, kwa hivyo mtu akiingia akanikuta na macho haya nitasingizia kuni. Nje kuna ukungu, viazi vya Auntie Wambui havionekani, na kuku wako bado wanakuja mlangoni kukungoja.

Barua hii si ya siri. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikapigiwa makofi kwa ajili yako, sasa siwezi kukuomba msamaha nikiwa nimejificha. Nimemwomba Auntie awapelekee wamama wa kanisa waisome. Wakitaka kunikasirikia, wana haki.

Wageni walikuwa wakishangaa ukiniita mume wako. Sisi hatukuona ajabu, maana kwetu kifungua mimba akiwa mvulana huchukua jina la babu yake, na babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Ulinipokea kama mtu aliyechelewa kurudi kutoka safari. Nikikataa uji, ulisema shida yangu ya uji uliijua tangu siku ya harusi. Nikifeli hesabu, ulisema mzee wako hajawahi kukuaibisha, mbona aanze uzeeni. Tumetaniana hivyo maisha yangu yote. Lakini ndani ya utani huo kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kulipima uzito. Babu alikuwa mtu wa neno lake. Akisema atarudi Jumanne, Jumanne ulimwekea maji ya kuoga motoni bila kuuliza mtu. Ulinipa jina lake, na imani hiyo ukanipa pia, na mimi nikaipokea kama mtoto anayepokea mandazi.

Ulipoanza kukohoa tulidhani ni baridi tu. Halafu nguo zikaanza kukulegea, nikakupeleka kliniki, wakasema ni TB. Ulimuuliza muuguzi kama huo si ugonjwa wa walevi. Akacheka, akakuambia hata wazee wa kanisa wanaugua. Akakupa vidonge vya kumeza kila asubuhi kwa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kadi. Kwenye kadi kulikuwa na nafasi ya jina la mtu atakayehakikisha unameza. Auntie Wambui, bintiyo anayeishi hapo chini ya shamba, akajitolea. Ukamkatalia mchana kweupe.

"Andika mume wangu," ukamwambia muuguzi.

Basi jina langu likaandikwa. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Free Area, Nakuru, nikisomea shahada ya pili, kwa hivyo tukapatana nitakupigia simu kila siku saa moja asubuhi. Wiki za kwanza sikukosa. Vidonge vilikuchoma tumbo, mkojo ukawa mwekundu, ukaniuliza nani amekutia rangi ndani. Nilikuwa nikisikia kikombe kikigonga meno, maji yakishuka kooni, halafu katusi kadogo ka Kikuyu, halafu unasema, "Imeshuka." Ndipo nilipokuwa nakata simu.

Wakati huohuo kazi yangu chuoni ilikuwa ni mdudu huyohuyo wa TB. Jumamosi moja tulikuwa tukichagua njahi, yale maharage yetu meusi, ungo uko magotini pako, ukataka nikueleze hasa nafanya nini, maana kanisani ukiulizwa unajibu "kompyuta" halafu unabadilisha mada. Nikakueleza. Mdudu ana protini nyingi ndani yake, na kila protini ni fundi mwenye kazi yake. Kuna moja inayojenga ukuta wa mdudu. Ina kishimo, ndipo inaposhikia vifaa. Ukipata kemikali itakayoingia kwenye kishimo hicho ikaganda humo, fundi hashiki kitu tena, ukuta haujengwi, mdudu anakufa. Kuna watu walishalipima umbo la protini hiyo, kwa hivyo mimi ninalo kwenye kompyuta, naligeuza nipendavyo. Kisha napitisha kemikali maelfu kwa maelfu, na kompyuta inajaribu kila moja kwenye kishimo na kuipa alama.

Ukaokota kijiwe kwenye ungo, ukakitupa nje kwa kuku.

"Kumbe unachagua njahi," ukasema.

Shosho, nimekaa na maprofesa na hakuna aliyeisema vizuri kuliko hivyo. Nikaongeza kwamba alama nzuri ni ile iliyo chini ya sifuri, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopendeza. Ukanitazama kwa huruma. Ukasema sasa umeelewa kwa nini nilikuwa naleta zile ripoti za hesabu nyumbani nikitabasamu.

Mwezi wa tatu wa vidonge vyako, nikapata moja iliyoshuka kuliko zote. Nilikimbia nayo hadi saiba, ile ofisi ya intaneti ya hapo karibu na kwangu, nikaitoa kwenye karatasi kubwa ya rangi. Protini ilikuwa ya kijivu, imejikunja kama kabichi, na katikati kabisa kemikali yangu ya kijani ilikuwa imekaa kwenye kishimo chake. Nikakuletea wewe kabla ya kumwonyesha hata mwalimu wangu. Ulikuwa umeanza kunenepa wakati huo, kikohozi kimekwisha, unalima tena. Uliishika karatasi mbali na macho, kama unavyoshika Biblia usipokuwa na miwani.

"Hii ya kijani ndiyo dawa?" ukauliza.

Jibu la kweli lilikuwa refu. Lilikuwa kwamba hiyo ni picha ya bahati nasibu. Kwamba kompyuta hukisia, na mara nyingi hukosea. Kwamba kwenye mashine yangu protini imetulia kama mtu anayepigwa picha, lakini ndani ya mdudu inajinyonganyonga. Kwamba hata ikishika kweli, kuna maabara, kuna panya, kuna miaka na miaka, na karibu zote hufia njiani. Hayo yote niliyajua. Nilifanya mtihani juu ya hayo nikapita. Lakini uliniuliza ukiwa unatabasamu, na mimi nilitaka sana kuwa yule mtu uliyekuwa ukinitania kwamba ni mimi.

"Ndiyo," nikasema.

Ukamchinja yule jogoo wako mwenye mbwembwe. Ukaibandika picha ukutani kwa unga uliopikwa, kando ya kalenda ya kiwanda cha maziwa. Jumapili ukasimama kwenye shukrani ukatangaza kwamba Mungu hamtupi mja wake, mume wako amepata dawa ya TB kwenye kompyuta, na mhubiri akaniita mbele. Nikaenda, Shosho. Hilo ndilo linalonichoma. Hakuna aliyenivuta. Nilifunga kifungo cha koti nikaenda, na makofi yalipopigwa niliinamisha kichwa kidogo, kama mtu mnyenyekevu.

Baada ya hapo simu zetu za asubuhi zikabadilika. Ulikuwa unataka habari za ile ya kijani. Imetumwa wapi, inaanza kupimwa lini, itakuwa kidonge ama ya kunywa, nami nakujibu, nakujibu, mpaka wakati unaisha na nakimbilia darasani. Nilikuwa nauliza mwishoni, "Umemeza?" Nawe unasema, "Tulia, mzee." Sikusikia tena kikombe wala maji. Na sikugundua kwamba sisikii.

Majibu ya maabara yalikuja. Walikuwa wameiweka kemikali yangu kwenye chupa zenye wadudu wa TB, na wadudu wakaota kama sukuma wiki baada ya mvua. Mwalimu wangu alisema huenda haikuweza hata kupenya ndani, maana mdudu huyo ana ganda la nta kama la mshumaa. Aliongea taratibu tu, kwake lilikuwa jambo la kila mwaka. Akaniambia nirudi kwenye orodha niangalie inayofuata.

Sikukuambia. Wiki hiyo nilisema nitakuambia Jumamosi. Jumamosi nikakuta umewaalika wamama wanne waje waione picha, na Mama Nduta, jirani yako wa tangu zamani, alikuwa amekuja na chupa ya chai na amevaa kitambaa cha kanisa. Nikawaeleza kuhusu kile kishimo upya. Nilieleza vizuri sana. Mama Nduta akaniombea.

Kisha kikohozi kikarudi. Auntie akanipigia simu, nikaja, na tukiwa tunakutafutia shuka za kwenda nazo hospitali, nikaufungua ule mkebe wa kakao juu ya kabati. Ulikuwa umejaa vidonge, bado viko kwenye karatasi zake. Ulikuwa unaenda kliniki kuvichukua kila mara, hukutaka yule muuguzi ahisi vibaya, halafu unaviweka humo. Nikakuuliza kwa nini. Nilikuuliza kwa ukali, Shosho, na kwa hilo pia nisamehe. Ulikuwa umekaa kitandani, umechoka, ukanijibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi kabisa. Ulisema vilikuwa vinakuchoma, na wewe umepona, na hata kama hujapona yako inakuja. Ukasema umevihifadhi ili tumpe mgonjwa mwingine, maskini ambaye hana mume wa kompyuta.

Hospitali huko Nakuru wakasema mdudu ameshaizoea dawa. Ndivyo alivyo, ukimpiga nusu nusu anajifunza. Wakakuhamishia kwa zile kali, lakini mwili ulikuwa umechoka. Tulikuwa tunakaa nawe dirisha likiwa wazi, tumefunika midomo, na nilipokuwa nakukata kucha mchana mmoja ndipo nikasema. Nilisema nikiangalia vidole. Nikakuambia ile ya kijani ilishindwa, ilishindwa kitambo, hata kabla ya kikohozi kurudi, na mimi nilijua.

Ulifumba macho. Nilidhani umelala. Kisha ukanishika mkono kwa ule mkono ambao kucha zake nilikuwa nimeshazimaliza.

"Sasa si ungeniambia tu?" ukasema. "Ningevimeza vile vidonge."

Hukusema kwa hasira. Ningependa ungesema kwa hasira. Baada ya muda ukanitania kwamba babu naye aliwahi kupanda pareto mwaka mzima kwenye shamba lililotuama maji, kwa hivyo ugonjwa ni wa ukoo. Ukaniambia nirudi kwenye gunia, njahi bado ziko. Halafu ukaomba chai, na hukuinywa.

Siku ya kukuzika mhubiri alisema umetutoka dawa ikiwa karibu kufika. Wamama wakanigeukia wakitikisa vichwa kwa kunihurumia. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, kama nilivyosimama siku ya makofi. Sikusimama. Basi nasimama leo, kwa karatasi, kwa kuwa ndiyo nguvu niliyo nayo: wamama, haikuwa karibu. Haikuwa dawa. Shosho alikuwa na dawa ya kweli kwenye mkebe, aliiacha kwa sababu ya neno langu moja, na mimi ndiye niliyeandikwa kwenye kadi.

Nimerudi kwenye gunia, kama ulivyosema. Sijaiacha kazi, ingawa miezi ya kwanza niliichukia. Ni kazi nzuri, Shosho, na siku moja mtu ataipata hiyo dawa, pengine si mimi. Lakini siku hizi mtu akiniuliza, naanza na lile jibu refu. Wengine wanachoka katikati na kuondoka. Sawa tu.

Picha bado iko ukutani. Auntie alitaka kuitoa akipaka rangi, nikamwomba aiache. Unga wako ulishika vizuri kuliko kemikali yangu.

Kuna jambo la mwisho, na huenda unalijua. Mama Nduta ameanza kutumia vidonge vya TB. Alikaa nawe sana wiki zile kabla hatujajua ugonjwa umerudi, wala hajutii, anasema ungemfanyia vivyo hivyo. Kwenye kadi yake, penye nafasi ile, aliandikisha jina langu. Nilikataa. Nikamwambia atafute mtu mwingine, mimi sifai, maana uliviacha vidonge jina langu likiwa kwenye kadi yako. Akanijibu kwamba mtu aliyeungua ndiye anayejua moto uko wapi.

Kwa hivyo kila siku saa moja asubuhi nampigia. Jana, kabla hajameza, aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za mtoto wa mwenzake aliyepotea, ile yangu ya kijani imefika wapi. Nikasema:

"Ilishindwa, Mama Nduta. Sina nyingine. Meza hizo."

Sikukata. Nikaibana simu sikioni, nikangoja. Nikasikia kikombe kikigonga meno, nikasikia maji, nikamsikia akishusha pumzi.

"Imeshuka," akasema.

Ukungu umeanza kupanda, Shosho, na saa moja imekaribia. Niache nipige simu. Wewe pumzika, na ukimwona babu, mwenye jina, mwambie namwomba radhi kwa nililolifanyia neno lake.

Mjukuu wako,
uliyemwita mume