KITOVU KILICHOBAKI MAABARA: KIKAO CHA KAMATI YA KITUO CHA UZAZI CHA MT. ADELA, BOMBAMBILI

Tarehe: Jumamosi, 12 Machi 1994
Mahali: Chumba cha kliniki ya watoto

Waliohudhuria: Mzee Kajetani Komba (Mwenyekiti), Mwl. Otto Ngonyani (Katibu), Bw. Alfani Salum, Muuguzi Asumpta Nchimbi
Waalikwa: Dkt. Leticia Mapunda, mtafiti, Bi. Walburga Haule wa Namtumbo, mlalamikaji
Asiyehudhuria: Bw. Thadei Gama (bila taarifa, mara ya tatu)

KUMB. NA. 1/94: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 4:20 asubuhi badala ya saa 3:00, kwa kuwa Mwenyekiti, aliyechelewa, ndiye aliyekuwa na ufunguo.

KUMB. NA. 2/94: MALALAMIKO
Bi. Walburga alieleza kwamba binti yake alijifungua kituoni wiki mbili zilizopita. Yeye, akiwa bibi wa mtoto, alikabidhiwa kondo la nyuma akalizike nyumbani. Alipolifungua alikuta halina kitovu. Alisema huo ni wizi. Muuguzi Asumpta aliomba neno hilo lifutwe. Halikufutwa, kwa kuwa lilisemwa.

Muuguzi alikiri kwamba alimpa mtafiti kitovu hicho, baada ya kumwomba ruhusa mzazi, naye akatia saini. Bw. Alfani alisema kwamba hata kwao mzazi aliyelala kitandani hatoi kitovu, huulizwa bibi.

KUMB. NA. 3/94: MAELEZO YA MTAFITI
Dkt. Leticia aliomba radhi. Alieleza kwamba hutoa seli ndani ya mshipa wa kitovu, huzilisha katika sahani ndani ya kabati la joto, kisha hutazama zinavyojipanga kuwa mishipa midogo kabisa ya damu. Mishipa hiyo isipoota, kidonda hakiponi; anatafuta sababu. Kamati ikizuia vitovu, utafiti utakoma. Aliongeza kwamba seli za mjukuu huyo bado zi hai.

Bi. Walburga aliuliza: "Hai vipi, mwanangu, na mtoto yuko nyumbani ananyonya?"

Kikao kilisimama kwa dakika ishirini, wajumbe na waalikwa wakaenda maabara ya Dkt. Leticia hapo kituoni. Bi. Walburga alitazama kwa hadubini muda mrefu kuliko wote. Alisema ameona vinjia kama vya mchwa ukutani, akauliza nani amezifundisha seli kuvichora.

Dkt. Leticia alijibu: "Hakuna, mama. Mimi nimezilisha tu."

KUMB. NA. 4/94: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba bibi wa mtoto aulizwe pamoja na mzazi, kabla kitovu hakijachukuliwa. Kipande kilichobaki alikabidhiwa Bi. Walburga papo hapo.

Bw. Alfani alipendekeza seli nazo zirudishwe leo, jambo liishe. Bi. Walburga alikataa. Alimwambia Dkt. Leticia: "Ziache zimalize. Zikifa, uzilete wewe mwenyewe, nikuonyeshe mahali pa kuzizika."

Dkt. Leticia alikubali, akaomba iandikwe. Imeandikwa.

Wajumbe walitawanyika saa 6:10 mchana.

K. Komba, Mwenyekiti ..................
O. Ngonyani, Katibu ..................